Mwaka Niliomtafuta Kijeldali N.

Musyoka tulimzika Alhamisi iliyopita huko Kajiado, na mimi niliwekwa hema ya nyuma. Sisemi kwa uchungu, nasema kwa sababu mimi ni mtu wa kuona vitu. Mtu aliye na maduka matatu ya chakula cha mifugo, mawili Kitengela na moja hapo hapo Kajiado mjini, mtu aliyeacha shule darasa la sita na leo anaandika kazi watu wa digrii, haketi hema ya nyuma kwa bahati mbaya. Nilikula ndengu na wali nikiwaangalia wale vijana wa kugawa sahani, nikijiuliza ni nani aliwaambia wanipeleke huko. Mchungaji alikuwa anasema marehemu alikuwa mtu wa mikono safi. Mbele yangu walikaa wazee wawili ambao hawakunijua. Mmoja akachokoa meno, akamwambia mwenzake polepole, "Safi ni kweli. Lakini kuna wakati ilisemekana aliua ng'ombe za watu." Mwenzake akasema, "Si ilijulikana sio yeye?" Yule wa kwanza akatupa kijiti chini. "Ilijulikana, ndio. Lakini ilikuwa imeshasemekana." Niliweka sahani chini ya kiti. Hilo neno lililosemekana lilitoka kwa mdomo wangu mimi, miaka ishirini na tatu iliyopita, na kama kuna mtu ataandika vile lilitoka, afadhali iwe mimi kuliko watu wa hema ya mbele.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi na Musyoka tulikuwa tumekodi chumba kimoja kikubwa Kitengela, nyuma ya kinu cha kusaga unga, chumba cha mabati na sakafu ya simiti. Nusu ya sakafu ilikuwa ya kulala, nusu ya kazi. Kwa ile nusu ya kazi tulimwaga pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba, chumvi na omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, halafu tukachanganya kwa koleo mpaka jasho lidondoke ndani, tukajaza magunia, tukauzia watu wenye ng'ombe wa maziwa. Chumba kilinuka omena mchana na jioni. Blanketi zilinuka omena. Chakula chetu pia kilikuwa omena, kwa sababu Musyoka alikuwa anachekecha gunia anatoa zile kubwa kubwa, anazikaanga na nyanya, tunakula na ugali tukiwa tumekalia magunia. Mimi nilikuwa natupa jicho kwa sufuria nione ni ngapi ametoa na ni ngapi zimefika kwa sahani. Hivyo ndivyo nilivyojengwa, na sijuti, ndiyo maana niko mahali niko. Ukuta wa jirani ulikuwa bati tu, na siku moja nilimsikia mama wa upande ule akimwambia mgeni wake, "Hapo kuna wanaume wawili. Mmoja ananusa, mwingine anaongea." Nilikasirika siku mbili. Ukweli ni kwamba Musyoka alikuwa ananusa kila kitu. Alikuwa na kidato cha nne, alitoka familia ya wakulima huko Ukambani, na kabla gunia halijaingia ndani alikuwa anatia mkono mpaka kwa kiwiko, anatoa konzi, ananusa kama mtu anayesoma barua. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta wateja na kuongea, na niliongea, hata wapinzani wangu wanakubali.

Mwaka huo mvua haikuja. Nyasi iliisha kutoka Isinya hadi kule chini, na kila mtu aliye na ng'ombe wawili wa kisasa akaanza kutafuta chakula cha gunia. Biashara ikapanda. Mimi nikasema tuongeze pumba, maana pumba ni rahisi, na tupunguze omena kidogo. Musyoka akafanya nilivyosema. Halafu wateja wakaanza kusema maziwa yameshuka, na Musyoka akasema tupeleke sampuli kwa maabara Nairobi tujue chakula chetu kina protini ngapi. Alienda yeye. Alirudi baada ya wiki mbili na karatasi moja yenye muhuri, akaniwekea juu ya gunia. Mimi kusoma najua, msinidharau. Kulikuwa na mstari umeandikwa: Protini ghafi, halafu Kjeldahl N x 6.25, halafu kumi na moja.

"Ni kumi na moja," Musyoka akasema. "Na sisi tumekuwa tukiambia watu kumi na sita."

"Mimi siulizi namba. Nauliza huyu ni nani."

"Nani?"

"Huyu. Kijeldali."

Akashika karatasi akaiangalia. "Sijui. Ni vile wanapima, nafikiri."

Hapo ndipo kichwa changu kilianza kufanya kazi. Mtu amemaliza kidato cha nne, ameenda mwenyewe, amekaa kwa benchi ya maabara, na hajui ni nani amepima? Mimi shuleni nilikaa vya kutosha kujua rejista inavyoandikwa: jina la ukoo kwanza, halafu herufi moja ya jina la pili. Kamau P. Atieno J. Kwa hivyo huyu alikuwa Kijeldali N. Na hiyo x mbele ya jina lake niliijua vizuri, nimeiona sana kwa madaftari yangu: ni mwalimu anakuambia umekosa. Hiyo sita nukta ishirini na tano nikadhani ni saa aliyotoka kazini. Sasa N ni nini? Nililala chali kwa godoro langu nikihesabu. Nzioka. Ndunda. Nthenge. Nzomo. Kila N iliyokuja ilitoka upande wa kina Musyoka. Baba ya huyo Kijeldali atakuwa alimpa jina la mzungu fulani wa misheni, nikajiambia, lakini huyo ni Kijeldali Nzioka, mtu wa nyumbani kwao, na wamekaa pamoja wamepanga. Kupanga nini, hilo sikulijua bado, lakini mimi sijawahi kungoja kujua ndiyo nishuku. Nikaona hivi: Musyoka anauza omena kando, halafu anamwambia Kijeldali aandike namba ya chini ili nidhani omena tunayoweka haitoshi, niseme tununue zaidi, auze zaidi. Sikukumbuka hata kidogo kwamba aliyesema tuongeze pumba ni mimi.

Ndipo nikampata Gathogo. Au yeye alinipata mimi. Alikuja na pikapu mchana mmoja Musyoka akiwa ameenda kuleta mashudu, akanisalimia kwa lugha ya mama yangu, na hilo peke yake lilinifungua mlango. Alikuwa na kitu alichokiita protini ya kiwanda, magunia kumi, unga wa kahawia wenye chembe nyeupe ndani kama chumvi ya mawe. "Hii unaweka badala ya omena," akaniambia. "Nusu ya bei. Na ukitaka, peleka upimwe popote." Maneno ya mtu asiye na hofu. Nikachanganya gunia moja peke yangu, nikachota sampuli peke yangu, nikapanda lori la mchanga mpaka Nairobi nikaiacha kwa dirisha la maabara bila kumwambia Musyoka. Karatasi ilirudi na jina lile lile, Kjeldahl N, na ile x yake, na mbele imeandikwa kumi na tisa.

Mtu mwingine angefurahi tu. Mimi nilikaa na hiyo karatasi nikaigeuza geuza. Kama Kijeldali ni ndugu ya Musyoka, mbona amenipa mimi kumi na tisa? Nikaona kuna jibu moja tu. Kijeldali ni mtu wa haki. Haangalii kabila, haangalii sura, anapima anaandika. Kumbe mwizi ni Musyoka peke yake, na Kijeldali amenifungua macho. Kuanzia siku hiyo nilimpenda huyo mtu kama mjomba. Nikamlipa fundi akaandika kwa ukuta wa mbele, herufi nyekundu, CHAKULA KIMEPIMWA NA KIJELDALI. Watu wakawa wanasimama wanauliza ni nani, nami nasema, "Ni daktari wa maabara, mtu mkali sana, hanunuliwi." Mama mmoja wa Kisaju alitaka nimwombe aje aangalie ndama wake.

Musyoka alirudi akasoma ukuta, akaingia ndani bila kusalimia. Akatia mkono kwa gunia la Gathogo. Akanusa. Akatema mate kwa kiganja akachanganya na ule unga, akasugua, akanusa tena.

"Hii inanuka choo ya shule," akasema.

"Kijeldali amesema ni kumi na tisa."

"Bwana, hii ni mbolea. Ni yurea. Nimeimwaga kwa mahindi ya baba yangu tangu nikiwa mdogo, siwezi kukosa kuijua."

"Sasa pua yako imesoma kuliko maabara?"

"Usiuze hiyo kitu."

"Na wewe omena yetu umekuwa ukiuzia nani?"

Nilingoja akane, kwa sababu mtu akikana unajua pa kushika. Hakukana. Alikunja godoro lake, akalifunga kwa kamba ya gunia, akachukua sufuria yake na karai, akatoka. Nikasema moyoni, angekuwa hana hatia angepigana. Nimeajiri watu wengi tangu siku hiyo, na nimejua kwamba mtu asiye na hatia mara nyingi huchoka haraka kuliko mwizi. Wakati huo sikujua. Baada ya wiki nikasikia amefungua kibanda Kajiado, karibu na soko la mifugo, anauza pumba na chumvi kwa debe. Siku moja alirudi kuchukua koti lake, nikamsimamia mlangoni nikimtazama mikono mpaka akatoka.

Siku mbili baada ya hilo koti, Parsaloi akaja. Parsaloi alikuwa mteja wangu mkubwa, alikaa kati ya Isinya na Kajiado na mama yake na ng'ombe wake watano wa maziwa, watu wa kujivunia. Kawaida yake angesimama mlangoni aseme "Supa," niseme "Ipa," aulize habari ya kazi kwanza. Siku hiyo hakusalimia.

"Tatu zimekufa," akasema. "Nimezipatia chakula yako asubuhi. Saa nne zilikuwa chini, tumbo kama ngoma, povu mdomoni. Mbili zingine zinatetemeka saa hii."

Nitasema ukweli: kabla hajamaliza, nilikuwa tayari na jina. Halikuwa la Gathogo. Nilikumbuka lile koti. Nikasema, "Musyoka alikuwa hapa juzi. Aliingia ndani, kwa magunia." Sikumwambia nilimsimamia mlangoni. Parsaloi akawasha pikapu, tukaenda Kajiado, na gunia lililobaki nusu liko nyuma.

Ilikuwa siku ya soko, na kwa sababu ya ukame soko lilikuwa limejaa kuliko nilivyowahi kuona, kila mtu ameleta mnyama auze kabla hajafa. Musyoka alikuwa anapimia mama mmoja chumvi. Nilisimama juu ya pikapu, nikapaza sauti, na sauti ninayo. "Huyu mtu ametia sumu kwa chakula cha ng'ombe. Ng'ombe tatu za Parsaloi zimekufa leo. Mwangalieni vizuri, huyu hapa." Watu waligeuka wote pamoja. Fimbo zikabadilishwa mikono. Musyoka hakuniangalia mimi hata kidogo, alimwangalia Parsaloi.

"Zimevimba?" akamwuliza. "Zinatetemeka?"

"Mbili bado ziko hai."

Akaacha kibanda wazi, chumvi kwa mizani, akavuka barabara akaingia duka moja, akatoka, akaingia lingine. Alirudi na chupa za vinega, zote walizokuwa nazo, amezikumbatia kama kuni. "Twende," akamwambia Parsaloi. Kwa boma alichanganya vinega na maji baridi kwa ndoo, akashika ng'ombe wa kwanza pua, akammiminia kwa chupa ya soda, halafu wa pili. Mama ya Parsaloi, bibi mzee tuliyemwita Koko, alikuwa ameshika mkia akiongea na ng'ombe kwa Kimaasai. Jioni zile mbili zilisimama.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimeegemea ua wa miiba, nikimwambia kila jirani aliyefika: "Umeona? Angejuaje dawa kama hajui sumu?" Waliitikia kwa kichwa. Lilikuwa neno zuri, lina uzito, na lilitembea. Kufikia kesho kutwa yake lilikuwa limenirudia Kitengela kwa mdomo wa mtu mwingine.

Nilitaka kulimaliza kabisa. Nikachukua kilo mbili kutoka kwa lile gunia nikaenda Nairobi, sasa nimtafute Kijeldali mwenyewe, anione, apime sumu ya Musyoka, aniandikie karatasi ya kupeleka polisi. Nilivaa shati jeupe. Kwa dirisha kulikuwa na mama wa makamo mwenye koti la maabara na miwani kwa kamba.

"Nataka kuongea na Bwana Kijeldali," nikamwambia.

"Bwana nani?"

Nikamwonyesha karatasi zangu mbili, nikaweka kidole kwa jina. Hakucheka, na hilo nilimshukuru baadaye. Alinifungulia mlango wa pembeni, akanipeleka mbele ya meza ndefu yenye chupa za duara zenye shingo ndefu, zimelala kwa moto, ndani kunachemka kitu kama chai nyeusi.

"Huyu ndiye," akasema. "Hii chupa inaitwa Kjeldahl. Hii njia ya kupima inaitwa Kjeldahl. Hapa tukitumana tunasema, nenda ukaikijeldali ile sampuli, na mtu anaelewa. Mwenyewe alikufa kabla babu yako hajazaliwa. Alikuwa mzungu wa huko Ulaya, akipima nafaka za watengeneza pombe."

"Na N?"

"Naitrojeni."

"Na hii x?"

"Ni mara. Unazidisha." Akaniangalia kidogo. "Ulisoma mpaka wapi, kijana?"

"Nilisoma ya kutosha."

"Sawa. Sasa sikiza. Protini iko na naitrojeni ndani. Tunachemsha chakula na asidi, tunahesabu naitrojeni, tunazidisha, tunasema protini ni hii. Shida ni kwamba yurea pia iko na naitrojeni, nyingi sana. Kjeldahl haulizi imetoka wapi." Akafungua mfuko wangu, akasogeza pua, akarudisha kichwa nyuma. "Kwani hamkunusa?"

"Kwa hivyo alinidanganya."

"Hakukudanganya. Alijibu swali ulilomuuliza."

Nilirudi na ule mfuko kwa mapaja. Nambari ya simu ya Gathogo haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo. Kwa siku kadhaa nilimshuku yule mama wa maabara pia, kwamba labda analinda mtu. Mwishowe watu wa kushuku waliniishia.

Siku ya soko iliyofuata nilienda kibanda cha Musyoka asubuhi. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Nikamwambia kwa sauti ya chini, nimeenda maabara, nimejua, ilikuwa ni yurea, wewe huna kosa. Alikuwa anashona gunia. Aliendelea kushona.

"Ulisemea wapi?" akaniuliza.

"Nini?"

"Ile kitu ulisema."

"Hapa."

"Basi si mimi wa kuambiwa."

Nikaenda katikati ya soko, nikapanda juu ya kreti. Nilikuwa nimejipanga usiku kucha, kwa sababu mtu wa biashara hawezi kujichoma mwenyewe. Nikawaambia Musyoka hana makosa, kosa ni la mzungu mmoja anaitwa Kijeldali, yeye ndiye alipima akapitisha, na karatasi yake ninayo hapa. Nikaiinua wakaona muhuri. Mzee mmoja akasema huyo Kijeldali ashikwe. Mwingine akasema wazungu ni hivyo tu. Nikaanza kushuka. Nilikuwa nimemsafisha Musyoka na mimi mwenyewe sijaloa.

"Ero," sauti ikasema, vile Wamaasai humwita kijana wa kiume. Alikuwa Koko, mama ya Parsaloi, amesimama na fimbo yake mbele kabisa. "Huyo Kijeldali, alikuja kwa boma yangu?"

"Hapana, Koko."

"Alichanganya hiyo chakula?"

"Hapana."

"Nani alichanganya?"

Nilimtafuta Parsaloi nione kama atanisaidia. Alikuwa ameangalia chini. "Ni mimi," nikasema.

"Na huyu Mkamba?"

"Alinusa akaniambia nisiuze. Nikamfukuza."

"Ulimwona akitia sumu?"

"Sikumwona, Koko. Siku alikuja kuchukua koti nilimsimamia mlangoni."

Akageuka akaangalia nyuma yake, halafu akanirudia. "Sema tena. Sema kwa nguvu, kama ile siku."

Nikasema tena, kwa nguvu zangu zote, kila neno, mpaka koo likawasha. Nilitoa sauti yote ninayo. Lakini mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumamosi, nyasi imeanza kutoka, na mtu aliye na nyasi haleti ng'ombe kuuza. Waliokuwa sokoni siku hiyo hawakufika hata nusu ya wale wa kwanza.